Bitana

Mkoba huu umri wake ni sawa na wa mama yangu,
miaka sitini na saba,
ila mkoba haujawahi kulalamika magoti.
Umbo ni lilelile: tumbo la mviringo, kishikio kimoja,
kifungo cha shaba kinachojifunga kwa mlio mfupi
kama mtu aliyekwisha kuamua.
Nimeushona mara elfu tisa na ushei.
Sijawahi kutoka nao.
Kinyozi hajinyoi,
na mshona mikoba wa Ubrique
huendea mkate na mfuko wa nailoni.

Machi hii nyumba ya Paris ikatuletea msanii.
"Ataufanya upya," alisema Don Eulogio,
mikono kifuani kama anayetangaza tanzia.
Tukatazamana. Upya mara ngapi?
Mwaka juzi alikuja mmoja akaumwagia rangi ya waridi.
Aliyemtangulia aliuchora macho mia,
watu wakaupangia foleni hadi Tokyo,
nasi tukabaki kusugua kucha kwa mafuta ya taa.

Huyu alitoka Busan. Ok-rim. Mfupi, viatu vya turubai,
hana brashi, hana rangi.
Siku ya kwanza aliketi.
Siku ya pili aliketi.
Siku ya tatu akaomba kisu,
akauchukua mkoba niliokuwa nimeumaliza asubuhi
akaupasua tumbo.

Charo alijifunika uso kwa aproni.
Mimi nilisikia kitu hapa, chini ya ubavu,
pale mama anaposikia mwanawe akianguka ngazini.

Akaugeuza nje ndani.
Huko ndiko tunakoishi sisi:
gundi iliyoganda kama machozi ya mshumaa,
alama za penseli, mshale, namba ya kisu,
na lile fundo ninalolificha
ili mnunuzi aamini kwamba uzi hauna mwanzo.
Alipitisha kidole juu yake, polepole,
akaniuliza kwa Kihispania cha kuokoteza:
"Hili linaitwaje?"
Fundo haliitwi. Nilitaka kucheka.
Sijui kwa nini nikasema, "Fuensanta."

Wiki sita alifukua pipa la mabaki.
Tulimwacha. Mwenye kazi yake haulizwi jembe.
Jioni aliondoka na vipande mfukoni,
ndama, mbuzi, ngozi ya kondoo iliyobabuka,
na Don Eulogio akaviandika kwenye daftari
kana kwamba vingerudishwa.

Mkoba ulitoka Oktoba.
Bitana imekuwa ngozi, ngozi imekuwa bitana.
Fundo liko wazi, limevikwa uzi mwekundu.
Na ubavuni, kwa mwandiko unaolalia kulia
kama nyasi baada ya mvua, chapa ya dhahabu:

*mayai sita
dawa ya mama ya presha
mlipe Paco wa gesi*

Mwandiko wangu.
Nilikosa karatasi siku ile, nikaandika juu ya ngozi,
nikasahau, nikatupa.

Gazeti moja liliandika kuwa ni dua.
Jingine likasema ni kauli kali juu ya uchumi.
Bei yake ni kodi yangu ya miezi ishirini na miwili.
Kwenye kibao cha shaba kuna majina mawili,
la nyumba na la Ok-rim.
Langu limo pia,
kwa anayejua kusoma fundo.

Desemba likaja boksi lenye utepe.
Hakukuwa na barua, ila mkoba, namba moja kati ya mia tatu.
Nilimpa mama aushike. Aliugeuza, akaunusa,
akauweka mbali na macho ili herufi zitulie,
akasoma mpaka mwisho.
"Na Paco," akasema, "ulimlipa?"

Sikumlipa.
Nikauning'iniza mkoba begani, kwa mara ya kwanza,
nikatia ndani mfuko wa nailoni kwa ajili ya mkate,
nikateremka mtaani.